Nguvu za Farasi na Vipimo vya Joto
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



 Twajua kwamba wengi wenu mmetoka kazini mmechoka, na ya kwamba jambo tulilolichagua si tamu masikioni kama habari za safari au za michezo. Lakini ni jambo linalopita mikononi mwetu makarani kila mwezi, katika barua za kuagiza mashine, katika hati za mafuta na kuni, na katika daftari za stoo. Twaandika "nguvu za farasi 20", twaandika "B.T.U. 12,000", twaandika "kilowati 5", kisha twapiga muhuri. Je, twajua tumeandika nini? Tukiulizwa kama kilowati 5 zazidi nguvu za farasi 6 au zapungua, wangapi kati yetu wataweza kujibu bila kumkimbilia fundi?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twathubutu kuongeza ya kwamba hata daftari yenyewe, ikiwa mwenye kuiandika hajui maana ya vipimo, yaweza kupoteza mali. Tutaleta ushahidi wa neno hili kabla ya kumaliza.

Na tuanze kwa lile tunalolijua. Mtoto wa pwani hufundishwa sokoni kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Akisikia kwamba frasila ni karibu ratili 35, hupata njia ya kutoka katika mizani ya bibi yake na kuingia katika mizani ya dukani. Mchele ni ule ule. Kilichobadilika ni jina la kipimo na hesabu yake. Mambo ya mashine ni vivyo hivyo. Ila hapa pana ajabu moja, nayo ndiyo kiini cha hotuba yetu. Kwa muda mrefu watu hawakujua ya kwamba kazi ya kunyanyua mzigo na joto la moto ni "mchele" mmoja. Walikuwa na mizani mbili, na hakuna aliyejua namna ya kutoka katika moja na kuingia katika ya pili.

Kwanza, kazi. Tukinyanyua mzigo wa ratili moja juu kwa futi moja, tumefanya kazi ya futi-ratili moja. Chukueni mfano wa kisima. Ndoo na maji yake ni ratili 20, na kina cha kisima ni futi 33. Kila ndoo inayofika juu ni kazi ya 20 mara 33, yaani futi-ratili 660. Ikiwa kijana mwenye nguvu avuta ndoo tano kwa dakika moja, amefanya futi-ratili 3,300 katika dakika hiyo. Kijana mwingine aweza kuvuta ndoo tano zile zile kwa dakika kumi. Kazi yao ni sawa, wala hatuwezi kusema wa pili ametenda pungufu. Lakini wa kwanza ametenda upesi mara kumi. Huo upesi wa kutenda kazi ndio unaoitwa nguvu katika lugha ya mashine. Kwa hiyo neno nguvu halikamiliki bila kutaja muda.

Sasa farasi ameingiaje? James Watt alizaliwa Greenock, katika nchi ya Scotland, mwaka 1736. Alitengeneza upya injini ya mvuke ikawa yala makaa machache kuliko injini za zamani. Yeye na mshirika wake, Matthew Boulton, hawakuuza injini tu. Walimtoza mwenye mgodi sehemu ya tatu ya faida aliyoipata kwa kupungukiwa na gharama ya makaa. Hesabu hiyo ilifaa kwa wale waliokuwa na injini za zamani. Lakini wengine walikuwa wakiendesha vinu vyao kwa farasi, wala hawakuwa na makaa ya kulinganisha. Basi yalihitajika maneno ya kumwambia mtu wa namna hiyo: injini hii itakutendea kazi ya farasi kadha wa kadha, nawe utalipa kwa kadiri hiyo.

Katika miaka ya 1782 na 1783 Watt akapiga hesabu ya farasi wa kinu. Farasi huyo alizunguka duara ambalo toka katikati yake hata ukingoni ni futi 12, na kwa saa moja alizunguka mara 144. Nguvu ya kuvuta kwake ilikadiriwa kuwa ratili 180. Mzingo wa duara ni kama futi 75 na nusu hivi. Mizunguko kwa dakika ni 2.4, basi kwa dakika moja farasi alikwenda kama futi 181. Zidisheni kwa 180, mtapata futi-ratili 32,580 au karibu na hapo. Watt akaikamilisha kuwa 33,000 kwa dakika, ndizo 550 kwa sekunde. Tangu siku zile hata leo, nguvu ya farasi mmoja ya Kiingereza ni hiyo. Farasi wengi hawawezi kuendelea hivyo siku nzima, lakini hilo halidhuru, maana kipimo kikishakubaliwa na wote chatosha. Na yule kijana wetu wa kisimani, mwenye futi-ratili 3,300 kwa dakika, ni sehemu ya kumi ya farasi, nalo si jambo la kumwaibisha.

Makarani wenzetu, angalieni: kipimo hiki mashuhuri kilizaliwa katika hati ya malipo. Kilitungwa ili mwenye kulipa na mwenye kulipwa wasidhulumiane.

Pili, joto. Kipimo cha joto cha Kiingereza, kile kinachofupishwa B.T.U., ni joto la kutosha kuongeza ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Fahrenheit. Ratili 10 za maji zikipandishwa digrii 50 zimekula vipimo 500. Hapa hapana mzigo unaonyanyuliwa wala farasi anayezunguka. Wenye elimu wengi wa zamani walidhani kwamba joto ni kitu chenye asili yake peke yake, kama maji yasiyoonekana, yanayotoka katika kitu cha moto na kuingia katika kitu cha baridi.

Mtu mmoja aliyetia shaka ni Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani, aliyepewa cheo cha Count Rumford. Alikuwa msimamizi wa kazi ya kutoboa mizinga huko Munich. Akaona chuma kikipata moto mkali kila kilipokerezwa. Akatia mzinga ndani ya maji, akaacha farasi wazungushe mtambo wa kukereza kwa chombo butu, na baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka bila ya moto wo wote. Waliokuwapo walistaajabu mno. Habari hizo alizisoma mbele ya wataalamu wa London mwaka 1798, akasema kwamba kitu kinachoweza kutolewa bila kikomo namna hiyo hakiwezi kuwa maji ya kufichika. Joto ni mwendo.

Lakini Rumford hakutoa hesabu ya kubadili mizani. Kazi hiyo ilimngojea James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha pombe, aliyezaliwa Salford karibu na Manchester mwaka 1818. Joule hakuwa mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa mtu wa kupima, kupima tena, na kuandika. Alifunga mizigo kwenye kamba. Mizigo iliposhuka iliizungusha pangaboi ndogo ndani ya chombo cha maji, na maji yakapata joto kidogo kwa kuvurugwa. Joto lenyewe lilikuwa sehemu ndogo ya digrii, hata ilimbidi apate vipima-joto vilivyo bora kupita kawaida. Mwaka 1843, kwa njia nyingine ya umeme, alipata kwamba kipimo kimoja cha joto ni sawa na futi-ratili 838. Hakuridhika. Mwaka 1850, baada ya kuvuruga maji kwa uvumilivu mwingi, alitangaza 772. Alirudia tena mwaka 1878 akapata 772.55, na tarakimu hizo zimechongwa juu ya jiwe la kaburi lake huko Sale. Leo, kwa vyombo vilivyo bora zaidi, twatumia 778.

Joule alipomkumbuka Rumford, alizichukua tarakimu zake za Munich na kuzitia katika hesabu. Farasi mmoja kwa dakika 150 ni 33,000 mara 150, yaani futi-ratili 4,950,000. Maji, pamoja na chuma kilichopata moto, yalihesabiwa kuwa sawa na ratili 26.58 za maji zilizopandishwa digrii 180, yaani vipimo vya joto kama 4,784. Gawanyeni: mtapata 1,034. Ni nyingi kuliko 778, kwa sababu joto jingi lilipotelea hewani na wala farasi hakupimwa sawasawa. Hata hivyo, ajabu ni kwamba jibu halikuwa mbali. Zile tarakimu, kwa kuwa ziliandikwa kwa uaminifu, zilimfaa mtu mwingine baada ya miaka karibu hamsini. Basi msidharau daftari.

Tukitaka kuona maana ya 778 kwa macho ya nchi yetu, tufikiri maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya futi 700. Kila ratili ya maji ifikapo chini imebeba kazi ya futi-ratili zaidi ya 700, na kazi hiyo ikigeuka yote kuwa joto, maji yataongezeka pungufu kidogo ya digrii moja ya Fahrenheit. Anguko kubwa namna ile, na digrii moja haikutimia! Hapo twafahamu joto lilivyo na thamani, na kwa nini sufuria moja ya chai ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani.

Sasa tunganishe. Farasi mmoja ni futi-ratili 33,000 kwa dakika. Kipimo kimoja cha joto ni futi-ratili 778. Gawanyeni 33,000 kwa 778, mtapata vipimo vya joto 42.4 kwa dakika; zidisheni kwa 60, mtapata 2,545 kwa saa. Hilo ndilo daraja letu. Kwa upande wa umeme, farasi huyo huyo ni wati 746, na kilowati moja ni B.T.U. 3,412 kwa saa. Wanaotumia kilo na digrii za Centigrade husema kwamba kilowati moja ni kilokalori 860 kwa saa. Birika la umeme la kilowati 2 basi ni nguvu za farasi 2.7; farasi wawili na zaidi wafanya kazi ili mtu mmoja anywe chai. Na kwa lile swali la mwanzo: kilowati 5 ni farasi 6.7, kwa hiyo zazidi farasi 6.

Nasi tuliomo humu ndani pia twaingia katika hesabu. Mtu alaye chakula cha kilokalori 2,400 kwa siku hutoa joto la kilokalori 100 kwa saa, yaani wati 116. Tukiwa watu 60, twatoa wati karibu 7,000, ambazo ni nguvu za farasi zaidi ya 9, au B.T.U. kama 23,800 kwa saa. Mashine ya kupoza hewa hupimwa kwa tani ya barafu: ratili 2,000 za barafu zikiyeyuka kwa saa 24 hunyonya B.T.U. 12,000 kwa saa. Kwa hiyo zahitajika karibu tani mbili za ubaridi ili kuondoa joto la miili yetu tu, mbali na joto la jua juu ya bati. Asiyesadiki na amtazame jirani yake anavyojipepea.

Ndugu wanachama, tulisema tutaleta ushahidi. Hatutautafuta mbali, maana kosa lilikuwa letu sisi wenyewe, nasi tumekusudia kulieleza wazi ili lisimpate mwingine.

Katika kituo kimoja tulichopata kufanya kazi, palihitajika bwela, yaani tangi la kuchemshia maji ya mvuke, kwa ajili ya kufulia nguo za wagonjwa. Karatasi iliyoletwa mezani kwetu iliandikwa "bwela ya farasi 10". Fomu ya kuagizia ilitaka B.T.U. kwa saa. Tulijiona tu wajuzi. Tukazidisha 10 kwa 2,545, tukaandika 25,450, tukakagua mara mbili, tukapeleka. Hesabu yetu haikuwa na kosa hata nukta moja. Baada ya miezi kadhaa kikaja chombo ambacho kingefaa jiko la nyumba ndogo.

Yule mzee aliyelitunza bwela la zamani alikitazama, akatuuliza kwa upole, "Bwana Karani, hiki ni cha kupikia uji?" Tukamwonyesha hesabu. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, farasi wa bwela si farasi wa injini. Mbona hukuniuliza?"

Alikuwa na haki. Wamarekani, katika maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, walianza kukadiria bwela kwa kiasi cha maji liwezacho kugeuza kuwa mvuke, kwa kuwa injini za siku zile zilihitaji mvuke wa ratili kama 30 za maji kwa saa kwa kila farasi mmoja. Kipimo hicho kilipokamilishwa kikawa ratili 34.5 za maji yaliyokwisha fika digrii 212, zigeuzwe mvuke kwa saa moja. Joto lake ni B.T.U. 33,475 kwa saa. Basi farasi wa bwela ni zaidi ya mara 13 ya farasi wa injini! Tulipaswa kuandika 334,750, nasi tuliandika 25,450.

Tulipewa barua ya onyo, nayo ilikuwa haki. Lakini barua haikutuuma kama tulivyoumwa kila asubuhi tulipopita nyuma ya wodi na kuwaona akina mama wamewasha kuni chini ya mapipa, macho mekundu kwa moshi, wakichemsha maji ya shuka za wagonjwa. Walifanya hivyo mpaka chombo kingine kilipofika. Hakuna hata mmoja wao aliyejua ya kwamba moshi ule ulitoka katika kalamu yetu.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuona haya kumwuliza mzee kwa sababu yeye hana cheti nasi tunacho. Wapo wasemao kwamba karani ni mkono wa kunakili tu, wala hapaswi kufahamu. Sisi twasema kwamba mkono usiofahamu huwaumiza watu, na njia ya kuwajibu wasemao hivyo ni kufahamu kweli kweli.

Liko onyo jingine. Kubadili vipimo si sawa na kubadili joto kuwa kazi. Tukisema farasi 20 ni B.T.U. 50,900 kwa saa, hatusemi kwamba mafuta yenye joto hilo yataendesha injini ya farasi 20. Mfaransa Sadi Carnot alikwisha onyesha mwaka 1824 kwamba injini ya joto lazima imwage sehemu ya joto lake upande wa baridi. Injini nzuri ya dizeli hutupa kazi kama theluthi moja ya joto la mafuta. Theluthi mbili huenda katika moshi na katika maji ya kupoza. Kwa hiyo zahitajika B.T.U. kama 152,700 kwa saa, ambazo ni mafuta ya karibu galani moja ya Kiingereza kila saa. Karani atakayeagiza theluthi ya hayo kwa zamu ya saa nane atashangaa taa zikizimika baada ya saa mbili na dakika arobaini. Kwa upande wa pili, kazi na umeme hugeuka joto lote bila kubaki. Kuteremka ni rahisi kuliko kupanda.

Mwisho, twawaomba kila mmoja aandike haya katika jalada la ndani la daftari yake:

Farasi mmoja wa Kiingereza: futi-ratili 33,000 kwa dakika, wati 746, B.T.U. 2,545 kwa saa. Kilokalori 641 kwa saa.
Farasi mmoja wa vipimo vya metriki: wati 735.5.
Farasi mmoja wa bwela: B.T.U. 33,475 kwa saa, kilowati 9.8.
Kilowati moja: B.T.U. 3,412 kwa saa, kilokalori 860 kwa saa, farasi 1.34.
Tani moja ya ubaridi: B.T.U. 12,000 kwa saa, kilowati 3.5.

Msidharau ile tofauti ya farasi wa Kiingereza na wa metriki. Katika injini ya farasi 500 ni upungufu wa karibu farasi 7, na mwenye kulipa hana budi kujua. Tena msiandike "B.T.U." peke yake pale mnapotaka nguvu, andikeni "kwa saa", kwa maana nguvu bila muda ni kama mshahara usiotajwa kama ni wa siku au wa mwezi. Na neno "farasi" likija mezani, kabla ya kushika kalamu ulizeni kwanza: farasi yupi?

Bwana Mwenyekiti, tumekwisha. Yaliyo mema katika maneno haya tumeyapata kwa waliotutangulia, na hasa kwa mzee mmoja wa bwela. Yaliyo na upungufu ni yetu.